Tembo, Kibao na Wino: Jinsi Picha za Kuchongwa Zilivyoupeleka Uzuri wa Kale Katika Vitabu vya Wakristo

Mahujaji wanaofika Roma na kwenda kulitazama jengo la kale la Pantheon hukuta, hatua chache nyuma yake, uwanja mdogo wenye kioja. Mbele ya kanisa amesimama tembo wa marmaru, na mgongoni amebeba obeliski, yaani nguzo ya jiwe yenye pande nne na ncha kali, iliyochongwa Misri katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Kanisa lenyewe huitwa Santa Maria sopra Minerva, maana yake Maria Mtakatifu juu ya Minerva, kwa kuwa watu wa zamani waliamini kwamba lilijengwa juu ya magofu ya hekalu la Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi. Ndani yake, chini ya altare kuu, amelazwa Mtakatifu Katerina wa Siena, Mwalimu wa Kanisa, na humo pia limo kaburi la Mwenye Heri Fra Angelico, mtawa mchoraji.

Nguzo ya Misri, jina la mungu wa Warumi, tembo na masalia ya mtakatifu: vitu hivi vimekutanaje mahali pamoja? Historia ya karibu ni fupi. Nguzo ilifukuliwa mwaka 1665 katika bustani ya Wadominikani wa kanisa hilo, Papa Aleksanda VII akaagiza isimamishwe, Gian Lorenzo Bernini akabuni umbo la tembo, Ercole Ferrata akalichonga, na mwaka 1667 kazi ikawa tayari. Hata hivyo, tembo aliyebeba obeliski hakuanzia kwa Bernini. Alikuwa amekwisha kuchapwa huko Venezia mwaka 1499, katika picha ya kibao cha mbao, ndani ya kitabu ambacho Papa huyo mwenyewe alikuwa na nakala yake. Tunataka kukieleza kitabu hicho na ndugu zake, kwa sababu kupitia vitabu vya namna hiyo Wakristo wa karne ya 15 na ya 16 walilazimika kujibu swali ambalo hata sisi halijatuacha: je, uzuri uliotengenezwa na watu wasiomjua Kristo unaweza kuingia kanisani?

Kazi ya kisu

Anayeujua mhuri wa ofisi ya parokia ameshaielewa nusu ya ufundi huu. Palipoinuka hupokea wino na kuacha alama. Palipochimbwa hubaki peupe. Mchoraji alichora picha yake juu ya kibao kilicholainishwa, kwa kawaida cha mti wa matunda wenye mbao ngumu na nyuzi za karibukaribu. Kisha mchongaji, ambaye mara nyingi alikuwa mtu mwingine kabisa, alishika kisu chembamba na patasi, akaondoa kila kipande cha mbao kisichokuwa mstari. Mstari mmoja mweusi, mwembamba kama uzi, ulitaka kukatwa pande zote mbili, na kisu kikiteleza mara moja tu, mstari umekwenda. Tena yote yalifanywa kinyume, kulia kuwa kushoto, ili picha itoke sawa kwenye karatasi. Majina ya wachongaji wengi hayakuandikwa popote.

Herufi za madini alizozibuni Johannes Gutenberg huko Mainz, katikati ya karne ya 15, nazo hupokea wino juu ya uso ulioinuka. Kwa hiyo kibao chenye kimo sawa na herufi kiliweza kufungwa pamoja nazo katika fremu moja, kupakwa wino mara moja, na kupigwa chapa kwa mkandamizo mmoja. Picha iliyochorwa kwenye bamba la shaba haikuweza hivyo, kwa maana katika shaba wino hukaa ndani ya mifereji, na kuutoa humo kunahitaji mtambo wa aina nyingine. Ndiyo sababu, kwa zaidi ya miaka mia moja, kitabu chenye maneno na picha pamoja kilikuwa kwa kawaida kitabu cha kibao cha mbao. Maneno na picha vilizaliwa kwa pigo moja.

Monasterini kwanza

Wengine hudhani kwamba kuzaliwa upya kwa elimu ya Wayunani na Warumi, kipindi kinachoitwa Renesansi, kulikuwa uasi dhidi ya Kanisa. Tarehe zenyewe zinakataa. Mafundi wa kwanza wa kupiga chapa nchini Italia, Conrad Sweynheym na Arnold Pannartz, waliufunga mtambo wao katika monasteri ya Wabenediktini ya Mtakatifu Skolastika, huko Subiaco, katika milima ambamo Mtakatifu Benedikto aliishi pangoni. Mwaka 1465 walitoa kitabu cha Cicero, msemaji mkuu wa Warumi wapagani, na mwaka huohuo wakatoa maandiko ya Laktansi, Mkristo wa kale aliyesifiwa kwa Kilatini kinachofanana na cha Cicero. Miaka miwili baadaye wakakamilisha Mji wa Mungu wa Mtakatifu Agostino. Mpagani na Baba wa Kanisa walitoka chini ya mtambo mmoja, katika nyumba moja ya sala.

Kitabu cha kwanza chenye picha za mbao kuchapwa Italia nacho kinaturudisha Minerva. Kilitoka Roma mwaka 1467, kwa mkono wa mchapaji Ulrich Han. Kilikuwa na tafakari za Kardinali Juan de Torquemada, Mdominikani (asichanganywe na Tomás, jamaa yake, aliyekuja kujulikana kwa mahakama za uzushi za Hispania), na picha zake takriban 30 zilifuata michoro iliyokuwa ukutani katika ua wa ndani wa konventi ya Minerva. Michoro hiyo ya ukutani imepotea. Vibao vya mbao, vyenye mistari minene na migumu, ndivyo vilivyotuhifadhia kumbukumbu yake.

Mtakatifu Gregori Mkuu alikwisha kufundisha, takriban mwaka 600, kwamba picha humsaidia asiyejua kusoma aone kile ambacho msomi hukisoma. Mtambo ulilitimiza fundisho hilo kwa upana ambao hakuuwaza. Nicolò Malermi, mtawa Mkamaldoli, aliitoa Biblia nzima kwa Kiitaliano mwaka 1471, na mwaka 1490 ikachapwa tena Venezia ikiwa na mamia ya picha ndogondogo zilizotiwa katikati ya safu za maneno. Nuhu, Ibrahimu, Ruthu na Daudi walionekana wakiwa wamesimama mbele ya nguzo na matao ya Kirumi. Hapo tayari uzuri wa kale ulikuwa umeingia katika Maandiko, tena bila kelele.

Wadominikani wawili

Kelele zilikuwa Firenze. Siku ya mwisho kabla ya Kwaresima ya mwaka 1497, wafuasi wa Fra Girolamo Savonarola, mhubiri Mdominikani, walirundika uwanjani vinyago, vioo, karata, picha na vitabu walivyoviona vya upotovu, wakavitia moto. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alihukumiwa, akanyongwa na mwili wake ukachomwa katika uwanja huohuo. Ni rahisi kumweka Savonarola kuwa adui wa sanaa, lakini vijitabu vyake, kikiwamo kile cha mahubiri juu ya kufa vema, vilichapwa vikiwa na picha za mbao zilizo miongoni mwa nzuri kabisa za mji ule. Aliyoyakataa yalikuwa matumizi fulani ya picha.

Desemba 1499, huko Venezia, Aldus Manutius alichapa kitabu cha Mdominikani mwingine, angalau kwa maoni ya wataalamu wengi. Kinaitwa Hypnerotomachia Poliphili, jina lililoundwa kwa Kiyunani, lenye maana ya pambano la mapenzi ndotoni la Polifilo. Mwandishi hakuweka jina lake, lakini herufi za kwanza za sura zake 38 zikiunganishwa hutoa sentensi ya Kilatini inayosema kwamba Ndugu Francesco Colonna alimpenda mno Polia. Wengi humtambua mtu huyo kuwa mtawa wa konventi ya Watakatifu Yohane na Paulo huko Venezia, ingawa mabishano hayajaisha. Polifilo, ndotoni, anamtafuta mpenzi wake katikati ya magofu, mahekalu, piramidi, chemchemi na maandishi ya mawe, na kwenye njia hiyo anakutana na tembo wa jiwe aliyebeba obeliski.

Tukiri kwamba maneno ya kitabu hiki huchosha. Ni Kiitaliano kilichojazwa Kilatini na Kiyunani hata msomi wa wakati ule alihema, na takriban miaka kumi baadaye aliyegharimia uchapaji alilalamika kwamba sehemu kubwa ya nakala bado haijauzwa. Lakini picha zake 172 ni jambo jingine. Mchoraji wake hajulikani. Mistari yake ni myembamba, ya unene mmoja, bila vivuli vizito, na inalingana kabisa na herufi za Kirumi zilizokatwa na Francesco Griffo, hata jicho linatoka kwenye neno hadi kwenye picha bila kujikwaa. Kwa maoni yetu, hapa kibao cha mbao kiliacha kuwa msaada wa asiyejua kusoma, kikawa namna ya kufikiri. Kurasa zenyewe zimepimwa kama jengo.

Si kila kitu humo kinafaa. Baadhi ya picha zinaonyesha ibada za kipagani bila haya, na katika nakala kadhaa wasomaji wa zamani wamezifuta sehemu hizo kwa wino. Nakala hizo zilizopakwa wino zinasema ukweli wa Kanisa la wakati ule kuliko hotuba nyingi: kitabu hakikuchomwa wala hakikupokelewa chote.

Namna hiyo ya kuchuja ilikuwa na mizizi mirefu. Mtakatifu Jeromu, katika barua yake kwa Eustokia, anasimulia jinsi alivyoota, akiwa mgonjwa, kwamba amesimama mbele ya Hakimu, akajitaja kuwa Mkristo, akajibiwa kuwa yeye ni mfuasi wa Cicero. Aliogopa, lakini hakuacha kutumia Kilatini alichojifunza kwa Cicero, na kwa umahiri huo akatupatia Biblia ya Vulgata. Mtakatifu Basili Mkuu aliwaandikia vijana wasome washairi wa Wayunani kama nyuki, ambaye hatui kila ua wala habebi kila kilichomo. Naye Mtakatifu Agostino alikumbusha kwamba wana wa Israeli walipotoka Misri walichukua vyombo vya dhahabu na fedha, wakaviacha vinyago.

Mtawa aliyerudisha picha zilizopotea

Mfano bora wa kuchukua dhahabu hiyo ni mtawa mmoja mzee, Fra Giocondo wa Verona. Wanahistoria hubishana kama alikuwa Mfransisko au Mdominikani. Alijenga daraja la Notre-Dame mjini Paris, alinakili maandishi ya kale ya mawe, alipima magofu ya Roma kwa mikono yake, na mwaka 1511, akiwa na zaidi ya miaka 70, alitoa Venezia toleo la vitabu kumi vya Vitruvius juu ya ujenzi, akamtolea Papa Yulio II.

Vitruvius alikuwa mjenzi Mrumi, na kitabu chake alimtolea Kaisari Augusto, yuleyule ambaye amri yake ya sensa tunaisikia kila usiku wa Noeli. Kimetufikia kwa sababu watawa walikinakili. Nakala ya kale kuliko zote iliyopo iliandikwa takriban mwaka 800, enzi za Karolo Mkuu. Lakini wanakili walibeba maneno tu. Mara kwa mara Vitruvius humwambia msomaji atazame mchoro, na mchoro haupo. Toleo la kwanza lililochapwa Roma katika miaka ya 1480 lilitoka karibu bila picha yoyote, na wasomaji walibaki kubahatisha maana ya maneno ya kifundi ambayo hakuna aliyeyatumia kwa miaka elfu moja.

Fra Giocondo aliyasahihisha maneno, kisha akaweka picha 136 za mbao: misingi, kuta, aina za nguzo, mahekalu, mashine za kuinua mawe na za kuvuta maji. Si picha za kupendeza kama zile za Polifilo. Ni kavu na za wazi, jinsi mchoro wa fundi unavyopaswa kuwa. Mwaka 1513 toleo dogo likachapwa Firenze, la kubebeka kwa mkono mmoja. Mwashi asiyejua Kilatini aliweza sasa kuonyeshwa nguzo na kuielewa. Kuanzia mwaka 1514 mtawa huyo akawa miongoni mwa wasanifu wa Basilika mpya ya Mtakatifu Petro, pamoja na Raphael, akafa mwaka uliofuata.

Katika kitabu cha tatu kuna picha mbili zinazostahili kutazamwa polepole. Vitruvius anasema kwamba hekalu lazima liwe na uwiano kama wa mwili wa mtu aliyeumbika vema, na kwamba mtu akilala chali na kunyoosha mikono na miguu, duara linaweza kuchorwa kwa kitovu kuwa katikati, na vilevile mraba, kwa kuwa urefu wake ni sawa na upana wa mikono iliyonyooshwa. Mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci juu ya jambo hili ulibaki katika karatasi zake mwenyewe. Vibao vya Fra Giocondo viliingia katika maktaba za Ulaya. Mpagani aliona humo kanuni ya ujenzi. Msomaji Mkristo aliona zaidi, kwa kuwa alikwisha kusoma katika kitabu cha Mwanzo mtu ni mfano wa nani, na kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa amejifunza kwamba uzuri hudai mambo matatu, ukamilifu, uwiano na mng'ao, mafundisho ambayo Tomaso aliyatoa alipokuwa akisema juu ya Mwana wa Mungu.

Kipimo cha nani?

Mwaka huohuo wa 1511, kaskazini mwa milima ya Alpi, Albrecht Dürer wa Nürnberg alitoa vitabu vya Mateso ya Bwana na Maisha ya Bikira Maria, picha kubwa za mbao zikiandamana na mashairi ya Kilatini ya mtawa Mbenediktini, Benedictus Chelidonius. (Baadaye Dürer alivutwa na mahubiri ya Martin Luther, kazi hizi ni za kabla ya mfarakano.) Alikuwa amekwenda Venezia mara mbili, na katika rasimu zake za miaka iliyofuata aliandika wazi alichokusudia: kwamba kama watu wa kale walimpa mungu wao wa uongo Apolo umbo zuri kupita yote, wachoraji Wakristo watatumia kipimo kilekile kwa Kristo, aliye mzuri kuliko wote, uzuri wa Venus watampa Bikira Maria, na nguvu za Herkule watampa Samsoni. Tazama Ufufuko wake wa mwaka 1510: Bwana amesimama juu ya kaburi, bendera mkononi, askari wamelala chini, na mwili wake mzima una mizani ya sanamu za Wayunani.

Hapa jambo linatugusa sisi wenyewe. Picha nyingi takatifu zinazotundikwa katika makanisa na nyumba zetu ni wajukuu wa kipimo hicho, na waamini wengi wamekua wakidhani kwamba hivyo ndivyo uzuri unavyopaswa kuonekana. Dürer mwenyewe hakubaki na uhakika huo. Aliandika kwamba uzuri ni nini yeye hajui. Mwaka 1521, akiwa Antwerpen, alimchora kwa heshima kubwa Katharina, binti Mwafrika wa miaka 20 aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya wakala wa Mreno. Katika kitabu chake cha vipimo vya mwili, kilichotolewa na mjane wake Agnes mwaka 1528, miezi michache baada ya kifo chake, alichora kwa mbao miili ya wanene na wembamba, ya wanaume, wanawake na watoto. Anasema humo kwamba nyuso za Waafrika kwa nadra zilimpendeza, na hapo anasema kwa ubaguzi wa wakati wake. Lakini papo hapo anakiri kuwa amewaona wengine wenye mwili ulioumbika vema hata asingeweza kubuni ulio bora. Jicho lake lilikuwa limeanza kukitilia shaka kipimo chake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ibara ya 123, unafundisha kwamba Kanisa halijapata kuuhesabu mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, bali limepokea mitindo kadiri ya tabia na mazingira ya watu. Kwa hiyo Apolo wa Dürer alikuwa mgeni aliyekaribishwa, na milango haikufungwa nyuma yake.

Mwishoni mwa karne ya 16 shaba ilikishinda kibao, kwa kuwa ilitoa mistari myembamba zaidi. Mwaka 1593 Wayesuiti walitoa Antwerpen picha za Injili zilizoandaliwa kwa ajili ya tafakari za Padre Jerónimo Nadal, zote za shaba, na wamisionari wakazibeba hadi China. Huko, takriban mwaka 1620, Padre João da Rocha alichapa kitabu cha kufundisha Rozari chenye picha 15. Wasanii Wachina walizichukua zile za Nadal, wakazirudisha kwenye mbao kwa ufundi waliourithi kwa mababu zao, na Malaika Gabrieli akamtokea Bikira Maria katika nyumba ya Kichina.